Bibi Harusi wa Pazia

Kabla sijaanza kumsema shemeji yangu, acha niseme kwanza habari zangu, maana msomaji lazima aanze na kitu kizuri. Mimi ni dereva wa pikipiki. Kijiweni kwetu tuko wengi, lakini anayejua kuendesha ni mmoja, na huyo mmoja ndiye anayekusimulia. Shule niliachana nayo darasa la sita, kwa amani kabisa, bila ugomvi, kila mmoja akashika njia yake. Na tangu hapo nimeolewa mara nyingi sana. Umesikia sawasawa, sijasema nimeoa. Nimevaa nyeupe kwenye malisho ya ng'ombe, nimevaa nyeupe juu ya mawe huku nzi wananiingia puani, nimevaa nyeupe katikati ya mto na maji yananifika kiunoni. Aliyenitia kwenye mambo hayo ni mume wa dada yangu.

Huyu shemeji ni mpigapicha. Studio yake ni chumba kimoja kati ya duka la vipuri vya baiskeli na fundi cherehani. Ndani kuna stuli mbili, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho, na koti jeusi la kuazima kwa picha za pasi. Hilo koti limevaliwa na nusu ya wanaume wa mji huu. Ukimwona mtu kwenye kitambulisho amependeza, ujue si yeye, ni koti. Ukutani kuna turubai limechorwa maporomoko ya maji na bata wawili ambao mchoraji aliwafanya wakubwa kuliko mlima.

Watu wanamwita Sogea. Ndilo neno lake. "Sogea kidogo kushoto. Sogea mbele. Sogea, sogea, hapohapo." Nimewahi kumsikia msibani akimwambia mfiwa asogee.

Zamani mji mzima ulipita mbele ya wale bata. Mtoto akizaliwa, bata. Mtu akinunua redio, anakuja nayo, anaiweka mapajani, bata. Halafu simu zikaja, kila mtu akawa na kamera mfukoni, bata wakastaafu bila sherehe. Zikabaki picha za pasi, na zikabaki harusi. Na maharusi wa siku hizi hawataki turubai hata kidogo. Wanataka majani ya kweli, maji ya kweli, jua la kweli. Kwa hiyo Sogea akageuka kuwa mtu wa kutafuta mahali.

Wewe ukifika mahali pazuri utasema pazuri, utapiga na simu yako, utaondoka. Sogea hasemi kitu. Anashuka kwenye pikipiki anaanza kuzunguka kama mtu aliyeangusha ufunguo. Anatazama kivuli chake kimelalia wapi. Anachuchumaa. Analala kifudifudi kwenye nyasi na shati safi. Anaunganisha vidole vya mikono miwili anafanya dirisha, anachungulia, anasogeza dirisha, anachungulia tena. Kisha anaanza kutembea kwa madaha kama bibi harusi mwenye viatu virefu, aone njia itamwangusha wapi. Anatafuta kichaka cha kubadilishia nguo. Anapima kama shangazi wa bwana harusi, yule mnene anayetaka kuwemo kwenye kila picha, ataweza kufika bila kubebwa. Pameshakataliwa mahali pazuri pengi mno kwa ajili ya shangazi ambaye hata hajulikani.

Sasa, mimi naingilia wapi? Shida ni nguo nyeupe. Ukiiweka mbele ya miti yenye giza inawaka, picha inatoka na doa tupu, huoni lesi, huoni mkunjo, unaona taa yenye kichwa. Kwa hiyo lazima asimame mtu mwenye kitu cheupe, Sogea ajaribu mwanga, ajaribu umbali, ajue bibi harusi mwenyewe atakaa wapi. Zamani aliyesimama alikuwa dada yangu. Alipoondoka nikarithishwa cheo.

Gauni lenyewe ni pazia la sebuleni kwao. Siku ya safari Sogea analichomoa kwenye waya, analikunja, analitia kwenye mfuko wa kamera. Dirisha linabaki uchi kutwa nzima, na majirani wakiona hivyo wanasema, "Leo yule bibi harusi mwenye ndevu anaolewa tena." Mimi nawaambia wao hawajaolewa hata mara moja, wanyamaze.

Dada alikwenda nchi ya watu kumtunza bibi mmoja mzee ambaye hawezi kusimama mwenyewe. Anamwogesha, anamlisha, anamsogeza dirishani aone barabara. Ulikuwa mkataba wa miaka miwili. Ukaisha, ukaongezwa. Huu wa pili nao sasa ulikuwa unaelekea ukingoni, na watoto wa yule bibi walitaka jibu kabla mwezi haujaisha: dada anarudi kwao, au anabaki tena. Alituambia sote wawili kwa simu, mimi na mumewe, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuuliza uongezewe chai au basi.

Tangu siku hiyo Sogea hakuwa na jambo lingine kichwani.

Ukiingia nyumbani kwake utadhani mwenye nyumba wa kike katoka sasa hivi kwenda dukani. Kandambili zake ziko mlangoni, mkoba wake uko kwenye msumari, kikombe chake kimegeuzwa juu ya sahani kisiingie vumbi. Mwanamume mwenyewe anakula amesimama karibu na jiko, sufuria mkononi. Siku moja nikamuuliza, "Shemeji, viti vimekukosea nini?"

Akasema, "Meza kubwa."

Nikainuka kitini, nikasimama naye karibu na jiko.

Halafu kuna hiyo albamu. Sogea alipooa hakumwamini mpigapicha yeyote, akajipigia harusi yake mwenyewe. Ukiifungua utamwona dada yangu, nyeupe tupu, anakata keki peke yake, anacheka na mtu asiyeonekana, amenyoosha mkono kwa mtu asiyeonekana. Mgeni akiiangalia atadhani dada yangu aliolewa na upepo. Dada alikuwa akimtania kwa hilo miaka yote. "Mimi sina ushahidi kwamba nina mume," alikuwa anasema. Basi siku anaondoka, mizigo iko mlangoni, Sogea akamwahidi: ukirudi tutavaa upya, tutasimama wote wawili, na tutasimama mahali ambapo hajawahi kusimama bwana na bibi harusi mwingine yeyote.

Ndiyo maana kila safari, nikishamaliza kuolewa, Sogea ananifukuza kama kuku. "Toka. Toka kabisa, na kivuli chako." Anapiga picha moja ya mahali patupu. "Hii ya dada yako," anasema. Anaituma na neno moja mawili: hapa maji yanasikika vizuri, hapa asubuhi ukungu unachelewa kuondoka.

Na dada anajibu, "Pazuri."

Basi. Hapo ndipo mateso yangu yanapoanza. Nitapigiwa simu niko na abiria mgongoni. "Shemeji, amesema pazuri. Amesema pazuri ya kawaida, au pazuri kweli?"

"Imeandikwa, shemeji. Haijaimbwa. Nitajuaje?"

"Wewe ndugu yake."

"Ndugu yake, siyo mganga wake."

Mwezi ule, kwa ajili ya lile jibu, alitaka kumtumia dada mahali ambapo akipaona tu ataanza kufunga mizigo. Alisema hivyo hasa: akipaona tu. Tukaenda kila alikosikia kuna mwamba au maji. Tulipita njia ambazo mbuzi wenyewe huzijadili kwanza. Kila tulipofika, Sogea alizunguka, akalala kifudifudi, akainuka akipangusa majani, akasema, "Hapana. Hapa ni pa wateja."

Nilikuwa na uchovu wa mwili, lakini kilichonichosha zaidi ni kule kunyamaza kwake. Mtu unamwendesha kutwa nzima, unamrushia vichekesho ambavyo kijiweni vingeangusha watu chini, naye anaitikia "mmh" huku anatazama vilima kama vinamdai majibu.

Mahali penyewe tulipapata mchana umeshalegea. Njia ya gari ilikuwa imeisha nyuma, tukaacha pikipiki tukaenda kwa miguu tukifuata kijito. Kijito kikakata kona, na nyuma ya kona ukuta wa jiwe, mrefu, wa rangi ya mkate uliokauka, na chini yake maji yametulia na matete upande mmoja. Jua lilikuwa limeshaacha bonde lote, bonde zima kivuli, lakini lilikuwa bado linaupiga ule ukuta. Na ukuta ulikuwa unaurudisha mwanga juu ya maji, laini, kama umeuchuja kwanza. Mimi mwenyewe, ambaye nikiona mlima nauliza tu una njia au hauna, nilisimama.

Sogea hakulala chini. Hakufanya dirisha la vidole. Alikaa juu ya jiwe akatulia, na aliponigeukia alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia.

"Vaa," akasema.

Nikavaa pazia. Nikasimama ukingoni, nikampa mgongo, nikalikusanya kwa mkono mmoja lisilowe. "Sogea kidogo. Tena. Hapohapo, usipumue." Akapiga. Akanifukuza. Akapiga patupu. Akakaa tena juu ya jiwe, na tuliondoka kwa sababu tu mimi nilisema breki za pikipiki hazioni gizani.

Kesho yake asubuhi akahamisha picha kutoka kwenye kamera kwenda kwenye simu. Mteja wa picha ya pasi alikuwa amekaa kwenye stuli, ameshavaa koti, anakohoa ili aharakishwe. Miwani ya Sogea ilikuwa kwenye paji la uso. Akachagua, akaandika "Pazuri kuliko kote," akatuma, akamgeukia mteja akamwambia asogee.

Dada hakujibu. Alama mbili zikageuka buluu, maana yake ameona, na baada ya hapo kimya. Siku hiyo kimya, kesho yake kimya. Sogea akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akaniita studio. Nilimkuta amefunga mlango nusu na amekaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya bata.

"Hajasema hata pazuri," akaniambia. "Mahali kama pale. Hajasema kitu."

"Hebu nione ulichotuma."

Akanipa simu. Nikatazama. Kwenye kioo kidogo kile palikuwa na ukuta wa jiwe, mwanga laini juu ya maji, na ukingoni mwanamke aliyevaa nyeupe, ametupa mgongo, ameshika gauni kwa mkono mmoja, bega moja limeguswa na jua. Na si kwa kujisifu, nilipendeza.

Nikaanza kucheka. "Shemeji, umenituma mimi! Hii ndiyo ya majaribio!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikamwona uso wake, na kicheko kikarudi chenyewe kilikotoka.

"Anadhani nina mtu," akasema.

"Uwe na nani wewe? Hata paka wako kahamia kwa jirani."

"Mwanamke mwenye nguo nyeupe, shemeji. Mahali nilipomwahidi yeye." Alisema polepole, kama anaisoma mahali. "Na mwezi unaisha. Akiweka sahihi kwa hasira, basi tena. Anabaki."

Palepale akaandika: Yule ni mdogo wako amevaa pazia. Nikamwambia usitume hivyo, maana mwanamume yeyote akibanwa husema hivyohivyo: ni mdogo wako, ni binamu, ni mteja. Lakini alikuwa ameshatuma. Zikageuka buluu. Kimya. Nikampigia mimi kwa simu yangu. Ikaita, haikupokelewa.

Basi nikatoa wazo, na wazo lilikuwa zuri, kama mawazo yangu yote. Nikasema: twende tena palepale, nivae tena pazia lilelile, nimpigie kwa video. Aone ndevu kwa macho yake. Mwanamke wa kwenye picha akigeuka na kuwa mdogo wake mwenye pengo mbele, hasira itakaa wapi?

"Tungeweza kumpigia hapa hapa studio," nikaongeza, "lakini..."

"Hapana," akasema Sogea. "Pale. Kama anaona, aone vizuri."

Tulipofika tukagundua jambo ambalo watu wenye akili wangelifikiria nyumbani: chini kwenye maji hakuna mtandao. Mtandao uko juu, kwenye mgongo wa kilima unaotazamana na ule ukuta. Tukakubaliana Sogea abaki chini karibu na maji, nikimgeuzia dada simu amwone mumewe yuko peke yake na kamera yake. Mimi nikapanda na pazia mabegani, linanasa kwenye miiba, naichomoa miiba, linanasa tena. Mchungaji mmoja aliniona akahamisha ng'ombe wake upande wa pili bila kuniuliza swali.

Juu nikapata vistari viwili vya mtandao. Nikajifunika vizuri, nikageuza uso pembeni kama bibi harusi mwenye haya, nikapiga.

Dada akapokea. Alikuwa jikoni kwa watu, nyuma yake vigae vyeupe na birika. Nikageuka taratibu, nikafungua pazia, nikaonyesha meno yote niliyobakiwa nayo.

"Shikamoo wifi," nikasema kwa sauti nyembamba.

Alicheka. Dada yangu anacheka kama mtu anayeshuka ngazi mbio, na alishuka ngazi zote. Akaweka simu mezani nikaona dari, nikamsikia anacheka mbali na simu, akarudi anafuta macho. Moyo wangu ukakaa mahali pake. Nikasema sasa kazi imekwisha, nianze kujidai.

"Umeona? Ndiye mimi. Mumeo mtu safi, hana mtu, hana hata paka. Acha hasira, ujibu ujumbe wa watu."

"Hasira gani?"

"Ya picha."

"We mjinga nini?" akasema. "Nilikujua palepale. Ile miguu nani mwingine anayo? Tangu mtoto unasimama kama mtu aliyebanwa na mkojo. Nilicheka mpaka bibi akaniuliza nini, nikamwonyesha, naye akacheka."

Nikabaki na pazia mkononi. "Sasa kama ulijua, kimya cha nini? Mwenzio huku hali, halali."

Alikuwa anafuta mahali palepale mezani kwa kitambaa, huku na huku.

"Nimeshaweka sahihi," akasema. "Kabla ya picha. Walileta karatasi, nikatia sahihi. Jioni yake nikawa natafuta namna ya kumwambia. Asubuhi ikaja hiyo picha, ameandika pazuri kuliko kote. Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu unarudi."

"Mdogo wangu."

"Umechoka kumwogesha yule bibi, ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Nimechoka, na nimezoea. Nikiamka hapa najua kila kitu kilipo. Huko ningeanza kuuliza mafuta yanawekwa wapi." "Na yeye kila wiki ananitumia mahali. Mawe, maji, nyasi. Mazuri, sikatai. Mimi naitazama picha natafuta kama hata kidole chake kimeingia pembeni. Hakimo. Sijui kama kanenepa, sijui kama kazeeka. Sijui hata kama anakula. Anakula?"

Mimi naweza kudanganya askari wa barabarani mchana kweupe akaishia kuniomba radhi. "Anakula," nikasema. "Ila anakula amesimama."

Hapo uso wake ulifanya kitu, nikatazama vilima.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikamgeuzia simu. Chini kabisa, karibu na maji, alionekana mtu mdogo mwenye shati la buluu, ametazama juu kwetu na mkono kwenye paji la uso. Akapunga. Dada akaisogeza simu karibu na uso mpaka nikaona jicho moja tu.

"Mwite," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe usimwambie, wewe utaharibu."

Nikampigia mluzi. Alipanda mbio, mtu wa umri wake, akiteleza na kushika nyasi, kamera ikimpiga kifuani. Alifika anahema, miwani imepanda kichwani.

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Amecheka?"

"Amecheka sana."

Akatabasamu. Nilikuwa sijayaona meno yake tangu mwezi uanze. Akapangusa kiganja kwenye suruali ndipo akanyoosha mkono kuipokea simu, kama anapewa mtoto. Nikampa, nikashuka zangu upesi mpaka kwenye maji, nisisikie.

Kutoka chini nilimwona. Ilikuwa simu ya video, lakini yeye aliiweka sikioni, kama simu za zamani. Dada yangu aliyekuwa anatafuta hata kidole chake, akawa anaona sikio. Alisimama hivyo, ameinamisha kichwa, kiatu kinachimba udongo. Akaacha kuchimba. Nilijua hapo ndipo ameambiwa, maana mkono wa kushoto ulikwenda kwenye kamera ukaishika tu, bila kazi.

Halafu akaitoa simu sikioni. Nikasema moyoni, sasa, mtazame. Lakini aliigeuza nje. Akaanza kumwonyesha. Alianza na vilima vya mbali, akaja polepole kwenye bonde, kwenye matete, kwenye ukuta wa jiwe, na jua lilikuwa limefika palepale linapofika. Nilimwona mdomo unakwenda, anamweleza. Bila shaka anamwambia mwanga unatoka wapi.

Nikapiga kelele, "Shemeji! Igeuze! Anataka kukuona wewe!"

Maji yalikuwa yanapita kwenye mawe, na upepo ulikuwa unanijia mimi. Hakusikia. Akaendelea mpaka simu ikanifikia mimi, nimesimama ukingoni na pazia langu, nikampungia dada kwa mikono miwili kama chizi. Akanipita, akaenda mpaka mwisho wa bonde. Kisha mkono ukashuka. Simu ilikuwa imezimika, na bado alikuwa anaitazama.

Akashuka. Akakusanya vitu vyake. Mimi nikavua pazia, nikakung'uta miiba, nikamkunjia, naye akalipokea akalikunja upya, maana kukunja kwangu hakukumridhisha.

Tulipofika kwenye pikipiki ndipo nikauliza, "Na pale? Jumamosi si una harusi? Utawaleta?"

"Hapana."

"Shangazi anafika pale, shemeji. Nimemwangalizia njia nzima."

"Hapana," akasema tena, bila ukali. Akakaa nyuma yangu, akaweka mfuko wa kamera kati yetu. Tukaondoka. Njia ilikuwa mbovu na mimi nilikuwa nimebeba kichwani maneno mengi, hakuna hata moja lililokaa sawa. Mwisho nikasema lililokuja.

"Miaka miwili mingine. Kwa mwendo huu tutavimaliza vilima vyote, shemeji. Akirudi tutakuwa hatuna pa kumpeleka."

Nikajuta kufungua mdomo. Kisha nikamsikia karibu na sikio langu.

"Basi endesha polepole."

Nikapunguza mwendo. Mbele yetu njia ilikuwa tupu mpaka chini kabisa, na kila mara nilimsikia nyuma yangu anageuka, kiti kinalia, anatazama tulikotoka.